Mpwa wangu kachaguliwa Mlimani na Ushirika hapa Moshi, siku nne zimebaki: jina la chuo linamfikisha mtoto wapi?

#1 Mjomba wa Uru (mleta uzi)

Wakuu, habari za usiku. Nimetoka sasa hivi kwenye kikao cha familia kilichoanza saa kumi jioni. Tumeachana saa tatu usiku bila muafaka, mtori umepoa kwenye sufuria. Nimeona nije kwenu kabla sijalala.

Mpwa wangu, mtoto wa kwanza wa dada yangu, kamaliza kidato cha sita mchepuo wa HGE (Historia, Jiografia na Uchumi), kapata daraja la pili. Alichokitaka ni shahada ya biashara Mlimani, kakikosa. Majibu ya udahili yamekuja na vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo hiyo Mlimani, Sosholojia, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, Uhasibu na Fedha. Anatakiwa athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri iliyotumwa kwenye simu yake. Siku nne zimebaki.

Dada anauza ndizi soko la Mbuyuni. Shemeji alishatangulia mbele za haki, kwa hiyo mambo ya huyu mtoto yananihusu moja kwa moja. Kwetu mjomba si mtu wa kupita kusalimia na kuondoka.

Kaka yetu mkubwa kapanda kutoka Dar kwa ajili ya hili tu. Msimamo wake ni mmoja: Mlimani ni Mlimani, habari za kozi atazijua mbele ya safari. Shangazi yake mtoto kasema Ushirika ni nauli ya daladala, mtoto atalala kwao, na bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo, litasaidia nyumbani. Mama yetu mzazi kauliza kitu kimoja tu, huko Dar mtoto atakuwa chini ya macho ya nani. Wakati sisi tunapandishiana sauti, mwenyewe alikuwa pembeni anamenya ndizi. Akaweka kisu chini, akauliza kwa adabu kabisa: "Wajomba zangu, mnachagua chuo changu au chenu?"

Hakuna aliyemjibu. Na limeniuma, kwa sababu kila mtu wa huku anajua Desemba ilivyo, watu wakirudi kwao kwa sikukuu. Magari yanapanda kutoka Dar, barabara ya Himo kwenda Rombo inajaa, Kibosho na Machame ni hivyo hivyo. Baada ya ibada wazee wanakaa kwenye benchi wanauliza: huyu wa nani, anafanya wapi, alisoma wapi? Dada yangu miaka yote ni "mama yule wa ndizi". Mtoto akienda Mlimani, Desemba hii ataitwa mama wa yule aliyeko Mlimani. Mimi jambo hilo silidharau. Mwanamke aliyesomesha kwa mikungu ya ndizi ana haki ya kuitwa jina zuri mbele ya watu. Ila shahada ni ya miaka mitatu na maisha baada yake ni arobaini, na benchi la wazee halilipi mshahara.

Nieleze na yangu ili mnielewe. Mimi ni zao la Mlimani, niliingia 2003. Nilitoka Uru na begi moja. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kukaa ofisini. Wakubwa zangu wote ni kahawa, migomba na ujenzi. Nikisema kweli, mengi niliyofundishwa darasani yamo kwenye vitabu vilevile vinavyosomwa Mzumbe na Ushirika. Nilichokipata pale ni watu. Hosteli ya Mabibo nililala chumba kimoja na kijana ambaye baba yake alikuwa afisa wa benki. Nilipomaliza nikakaa mtaani miezi minane, nazunguka na bahasha ya kaki mpaka imechanika pembe. Yule mwenzangu ndiye aliyeniambia pana nafasi ya karani wa hesabu mahali fulani, na baba yake ndiye aliyenionyesha jinsi ya kuandika barua upya. Watu husema kazi ni za wenye mjomba. Mimi sikuwa na mjomba. Mlimani ndiyo iliyonipa wajomba.

Sasa upande wa pili ni mdogo wangu wa mwisho. Alikwenda Chuo cha Ufundi Arusha, stashahada ya umeme. Leo anafunga mitambo ya jua kwenye kambi za watalii, kajenga Moshono kabla mimi sijanunua tofali la kwanza. Wateja wake hawajawahi kumuuliza alisoma wapi. Wanauliza kama taa zitawaka usiku kucha.

Kwa hiyo ndani ya nyumba moja nina ushahidi wa pande zote mbili na bado sijui nimshauri nini huyu binti. Naomba wenye uzoefu mseme mliyoyaona kwa macho. Msiniambie "elimu ni elimu" wala "maisha ni kupambana", hayo tumeshayasikia kikaoni. Na asije mtu na mfano wa mzee Laizer wa Simanjiro. Najua mwaka 2020 aliuza mawe mawili ya tanzanaiti kwa zaidi ya shilingi bilioni 7 na shule hakwenda. Lakini kumbukeni alichosema atafanya na fedha hizo: kujenga shule kwao.

Natanguliza shukrani.

#2 Kijana wa Pasua

Mlimani, mkuu. Akifika kule atahama kozi aende Biashara. Wengi wanahama.

#3 Dada wa Majengo

Mdogo wangu, usimpe mjomba wa watu matumaini ya hewani. Kuhama programu kunategemea nafasi ipo na sifa anazo. Huyu kaikosa Biashara kwa ushindani, na ushindani ule ataukuta mlangoni palepale. Anayekwenda Sosholojia aende akijua anakwenda kusoma Sosholojia.

Mengine nitarudi kuandika nikifunga mahesabu, leo ni mwisho wa mwezi.

#4 Boda Sakina

Kaka, nimesoma uzi wako nikiwa kijiweni hapa Sakina, nikaona lazima niandike.

Mimi ni mhitimu wa Mlimani, nilimaliza 2019, GPA 3.7. Leo ni mwaka wa nne naendesha pikipiki Arusha. Sina aibu na kazi yangu, inanilisha na inamlisha mama. Usaili nimekwenda mara nyingi kuliko ninavyokumbuka. Ule wa mamlaka ya mapato, TRA, wa 2025 nilikuwemo: nafasi 1,596, tukaomba zaidi ya watu 130,000. Nikiwa kwenye foleni niliwaza tu kwamba mbele yangu na nyuma yangu wamo watu wa vyuo vyote vya nchi hii, na karatasi tutakayopewa ni moja. Mtihani wa mchujo haukuwa na sehemu ya kupata alama kwa sababu umetoka kilima gani.

Lakini sentensi yako kuhusu wajomba imenifanya nizime pikipiki. Mimi Mlimani nilikaa miaka mitatu na sikutoka na mjomba hata mmoja. Unajua kwa nini? Ile 510,000 ya bumu la miezi miwili ilikuwa ikiingia, nusu naituma nyumbani kwa wadogo zangu siku hiyohiyo. Iliyobaki haitoshi, kwa hiyo jioni nilikuwa nauza vocha na kuchapa kazi za watu kwa malipo. Wenzangu wanakaa kwenye vikundi, wanagombea uongozi, wanakwenda kwenye semina, wanajuana. Mimi nilikuwa naingia darasani, nachukua desa (nakala za masomo), natoka mbio. Mlango ulikuwepo, ila muda wa kuubisha sikuwa nao.

Kwa hiyo mpwa wako akienda Dar, msimpeleke akiwa na mzigo wa nyumbani kichwani. Kama bumu lake litategemewa na watu watano, atakuwa Mlimani kwa kitambulisho tu.

#5 Mwajiri wa Njiro

Habari zenu. Nafanya kazi ya kuajiri kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, mwaka wa kumi na moja sasa. Nitasema jinsi mambo yanavyokwenda upande wa pili wa meza, maana watu wengi wanakisia.

Tukitangaza nafasi ya mhasibu msaidizi, maombi yanafurika. Mimi ni mtu mmoja na nina kazi nyingine. Mchujo wa kwanza ni wa haraka, na hapo jina la chuo linafanya kazi, nisiwafiche. Jicho likiona chuo linachokijua linasimama kidogo zaidi. Kuna miaka nilikuwa naanza na vyuo viwili vitatu nilivyovizoea, wengine nawaacha chini ya rundo. Nikaja kugundua kwamba mhasibu bora kuliko wote tuliowahi kuwa naye alitoka chini ya rundo, na alifika mezani kwangu kwa sababu mwenzangu alikuwa likizo na mimi nikalisoma lote. Tangu siku hiyo nimeacha. Lakini najua wengi wanaendelea, na mtoto asiye na mtu wa kumnong'onezea mwajiri kwamba "yule wa chini mwangalie" ndiye anayeumia.

Baada ya hapo jina linaisha nguvu. Wanaobaki nawapa taarifa ya benki ya mwezi mmoja na daftari la fedha, wavilinganishe na waniambie tofauti imetoka wapi. Nawapa risiti za EFD, zile za mashine za kodi, na kuwauliza ritani ya VAT inajazwaje. Saa moja na nusu inatosha kumjua mtu. Nimeona wenye daraja la kwanza kutoka vyuo vyenye majina wakikaa na karatasi nyeupe, kwa sababu miaka mitatu hawakuwahi kushika daftari halisi. Nimeona pia binti wa stashahada kutoka Chuo cha Uhasibu hapa Njiro akamaliza kabla ya muda.

Kwenye utalii wenyewe kila kazi ina jina lake. Kwa mambo ya wanyamapori, chuo cha Mweka kina uzito kuliko Mlimani, na Mweka ipo hapo juu ya Moshi tangu 1963. Hakuna anayeuliza kama ni "chuo kikubwa".

Kuhusu Sosholojia, sitaidharau. Arusha ilikuwa na mashirika mengi yaliyoajiri watu wa fani hiyo na wamefanya kazi nzuri vijijini. Ila tangu fedha za Marekani zilipokatwa mwanzoni mwa 2025, miradi mingi imepunguza watu au imefungwa, na barua za wazoefu wa miaka kumi zinafika kwangu wakiomba kazi ya mapokezi. Mpwa wako atamaliza baada ya miaka mitatu na hali inaweza kuwa nyingine. Nasema ninachokiona leo.

#6 Mwalimu Mstaafu, Old Moshi

Wanangu, shikamooni haitoki kwangu, ila nawasalimu.

Mnagombana juu ya jambo ambalo lilibadilika na watu hawakuambiwa. Ngoja niwape asili yake.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi hawakufika ishirini, ndani ya jengo la TANU pale Lumumba. Kule kilimani kilihamia baadaye, na mwaka 1970 ndipo kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Miaka yote hiyo kilikuwa peke yake nchini. Sokoine ya Morogoro ilikuja 1984, Chuo Kikuu Huria 1992, vingine vingi baada ya 2000. Sasa jiulizeni: mtu akisema mwaka 1980 "mimi nimetoka Mlimani", alikuwa anasema nini? Alikuwa anasema "mimi ni miongoni mwa wachache sana". Na kazi hakuitafuta, alipangiwa. Mimi niliingia 1977 nikitoka kufundisha, kwa utaratibu wa Azimio la Musoma la 1974, ambapo ulitakiwa ufanye kazi kwanza na mwajiri wako aandike kwamba unafaa. Nilipotoka, barua ya kituo cha kazi ilinikuta.

Ile heshima ambayo kaka yenu mkubwa anaizungumzia ndiyo hiyo. Ilikuwa heshima ya uchache. Miaka ya 1990 serikali ilipoacha kumchukua kila mhitimu moja kwa moja, barua ikakoma, lakini heshima ikabaki midomoni mwa watu. Wazazi wanaendelea kununua kwa bei ya zamani kitu ambacho sokoni kimebadilika. Sisemi Mlimani imeshuka. Nasema haiko peke yake tena.

Na Ushirika msiuite chuo cha nyumbani kwa sauti ile ya kuudharau. Ulianzishwa 1963. Wahasibu na mameneja wa vyama vya msingi nchi nzima walipikwa hapo kwa miongo mingi kabla haujapewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2014. Baba zetu wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilichoundwa 1933, walisomesha watoto kwa kahawa, na hesabu za kahawa hiyo lazima mtu azijue kuziandika. Mimi ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye gunia.

Jambo moja zaidi. Rais Samia alianza kazi 1977 akiwa karani baada ya sekondari. Stashahada ya juu ya utawala aliipata Mzumbe 1986, na Manchester akaenda miaka ya 1990. Alipanda akiwa kazini, ngazi moja baada ya nyingine. Siku hizi mnamtaka mtoto wa miaka kumi na tisa aamue maisha yake yote kwa kubonyeza namba kwenye simu. Mwambieni kwamba kubonyeza huko si mara ya mwisho.

#7 Mjomba wa Uru (mleta uzi)

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma mara mbili. Kaka mkubwa nimemtumia, kasoma kimya, hajanijibu. Kwake huo ni mwendo mrefu.

Boda Sakina, mdogo wangu, umenigusa kuliko wote. Nimemsomea dada ulichoandika. Kaniambia: "Bumu la mtoto ni la mtoto, waambie na wengine." Kwa hiyo hoja ya shangazi imeondoka mezani. Nitumie maelezo yako ya shule faragha. Siahidi kitu, ila CV yako nitaisoma.

#8 Nipo Mbali Ila Kwetu Marangu

Wakuu, nasoma uchumi Marekani, na swali hili wameligombania huku kwa miaka mingi. Naongeza kidogo, mchuje wenyewe.

Mwaka 2002 wachumi wawili, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti uliowashangaza watu. Hawakumlinganisha aliyesoma chuo chenye jina na aliyesoma chuo cha kawaida, kwa sababu hao walikuwa tofauti tangu siku ya kwanza. Walichukua vijana walioomba na kukubaliwa vyuo vya kiwango kilekile, kisha mmoja akaenda chenye jina na mwingine akachagua cha kawaida. Miaka mingi baadaye mapato yao yalikuwa karibu sawa. Maana yake, kilichokuwa kikiwabeba ni uwezo na juhudi walizokuja nazo. Lakini palikuwa na kundi ambalo kanuni hiyo haikulishika: watoto wa familia zenye kipato cha chini. Hao chuo chenye jina kiliwaongezea kitu cha kweli.

Mwaka 2023 Raj Chetty na wenzake David Deming na John Friedman wakaangalia vyuo 12 vya juu kabisa. Wakakuta kwamba kwa wastani mapato hayabadiliki sana, ila uwezekano wa kufika kwenye ile asilimia 1 ya juu unaongezeka kwa karibu nusu, na uwezekano wa kuingia kwenye kampuni zenye hadhi unakuwa kama mara tatu. Yaani chuo kikubwa hakimwinui kila mtu sawasawa, kinafungua vyumba vichache vya juu sana. Na wanaoingia vyuo hivyo? Kwa alama zilezile za mtihani, mtoto wa tajiri wa asilimia 1 alikuwa na nafasi zaidi ya mara mbili ya mtoto wa tabaka la kati. Utafiti mwingine wa 2017, wa Chetty, Friedman na wenzao wengine, ulionyesha kwamba vyuo vilivyowapandisha watoto wengi wa maskini ni vya kawaida tu, kama Cal State cha Los Angeles na vile vya umma vya jiji la New York, kwa sababu vinawachukua wengi na vinawafikisha.

Marekani si Moshi, sitaki kuhamisha namba hizi kama zilivyo. Ada, mikopo na ajira ni tofauti kabisa. Ila mleta uzi, ulichokiandika kuhusu Mabibo ndicho kilekile walichokiona: jina linamsaidia zaidi yule asiye na mtu. Kwa mantiki hiyo mimi ningempeleka Mlimani.

#9 Kijana wa Pasua

Si nilisema.

#10 Dada wa Majengo

Nimerudi. Mwezi umefungwa, nina chai yangu, nitaandika kwa urefu mnivumilie.

Mimi nimesoma Ushirika. Nilikaa kwetu Majengo, nikatembea kwa miguu kwenda chuo, mama akiuza vitumbua asubuhi. Nilipomaliza niliogopa sana, maana kila niliyekutana naye kwenye usaili alikuwa na jina kubwa la chuo. Nikaamua kukaa mitihani ya bodi ya wahasibu, NBAA. Ile inafanyika Mei na Novemba, na unakaa chumba kimoja na watu wa Mlimani, Mzumbe, Uhasibu Arusha, wa kila mahali. Nilifeli somo moja mara mbili. Nikarudia. Siku nilipopata CPA, yaani cheti cha mhasibu kamili, swali la "ulisoma wapi" lilikufa. Sijaulizwa tena hadi leo.

Kwa fani zenye mtihani wa taifa mbele yake, jina la chuo linachujwa huko. Tazameni Shule ya Sheria, wanakopita wanaotaka uwakili: mwaka 2022 kwenye matokeo yale yaliyoleta kelele nchi nzima, wanafunzi 633 walikaa, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Walitoka vyuo mbalimbali vyenye majina na visivyo na majina. Mzee Mengi wa Machame, yule mfanyabiashara mkubwa, alisomea uhasibu Uskoti, akaja kufanya kazi kwenye kampuni ya ukaguzi wa hesabu kabla hajaanza kuunganisha kalamu nyumbani kwake. Taaluma ndiyo ilimpa pa kusimama. Na mkopo ukifika wakati wa kurejesha, bodi ya mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kwa wote, wa kilimani na wa bondeni.

Ndugu wa Marangu, hoja yako ni nzuri na nimeipenda, lakini imepita juu ya kitu ambacho mleta uzi kakiandika mwenyewe na hakukisoma. Mjomba wa Uru, wewe ulikwenda Mlimani huna mjomba. Huyu binti anaye. Ni wewe.

Fikiria vizuri. Wewe ni mhasibu. Unaowajua ni wahasibu, wakaguzi, watu wa benki, watu wa SACCOS. Akisoma uhasibu, hata kama ni hapa chini ya mlima, mwaka wa kwanza tu unaweza kumtafutia mahali pa kufanya mazoezi kwa vitendo ambapo atashika daftari halisi kama alivyosema Mwajiri wa Njiro. Unaweza kumwambia mitihani ya bodi anaianza lini. Unaweza kumpigia simu yule mwenzako wa Mabibo. Akisoma Sosholojia Dar, wewe utamsaidia nini zaidi ya nauli na maombi? Atakuwa tena mtu wa kwanza wa ukoo, anaanza pale ulipoanzia wewe na begi lako moja.

Ile Mlimani uliyoisoma tayari imeshaingia kwenye ukoo wenu. Sasa itumike.

Ila kuna sharti. Kama humaanishi, kama wewe ni mjomba wa kikao tu na ukishatoka hapo unarudi kwenye shughuli zako, basi mpeleke Mlimani haraka, akatafute wajomba wengine.

#11 Boda Sakina

Dada, umesema kitu.

#12 Mama wa Watatu, Kiborloni

Mimi ni muuza mitumba, nimesomesha watatu. Wa kwanza chuo kikubwa, wa pili ufundi VETA, wa tatu anaendelea. Siwezi kusema nani kafanikiwa, wananipigia simu wote. Naomba tu mwambie dada yako wa Mbuyuni asijisikie vibaya kwa watu watakachosema Desemba. Waliosema kuhusu wangu hawakuchangia ada.

#13 Mjomba wa Uru (mleta uzi)

Wakuu, narudisha majibu, maana uzi wa watu hauachwi njiani.

Dada wa Majengo, maneno yako ya mwisho sikulala nayo vizuri. Ni kweli, nimekuwa mjomba wa kikao. Nikihesabu, kwa miaka mitatu ya hivi karibuni nimekaa na huyu mtoto kuzungumza mambo yake mara ngapi? Nampa hela ya soda, namuuliza masomo, naondoka. Watoto wa wenzangu wa Mabibo wanakaa mezani na baba zao wakisikia habari za kazi tangu wakiwa wadogo. Huyu kakaa na mama yake kwenye mikungu.

Juzi jioni nilimfuata Mbuyuni, nikamsaidia kufunga meza, tukatembea mpaka Double Road wawili tu. Nikamwambia yote mliyoandika, na ya ndugu wa Marangu pia, sikuficha kwamba utafiti unaelemea Mlimani kwa mtoto kama yeye. Nikamwambia nikiwa mkweli sijui lipi litatokea. Nikamwambia pia kwamba akichagua Ushirika, kuna watu watano ninaowafahamu ambao nitampeleka kwao kwa mkono wangu, si kwa simu.

Akauliza swali moja: kama atafanya vizuri Ushirika, shahada ya pili anaweza kwenda Mlimani? Nikasema anaweza. Akasema, "Basi Mlimani haijaondoka."

Kathibitisha Ushirika, Uhasibu na Fedha, jana saa nne asubuhi. Kaka mkubwa hakufurahi, kasema tumemfungia mtoto chini ya mlima. Namheshimu, na nusu ya moyo wangu bado inamsikiliza. Dada alilia kidogo, kisha akarudi sokoni.

Leo asubuhi kabla sijatoka kwenda kazini mtoto kabisha hodi. Ana daftari jipya, kaandika juu "Watu watano wa mjomba", chini yake namba moja mpaka tano na mistari mitupu. Nimemjazia watatu palepale. Wa nne nimempigia mchana, kasema aje Jumatatu. Wa tano ni yule mwenzangu wa Mabibo. Namba niliyonayo haipatikani siku hizi, naitafuta nyingine.